Mlichangia Tiketi ya Ndege, Hamkumnunua Binti wa Watu

Leo hakuna ubuyu wa staa wala wa mchumba wa staa. Leo nina hasira, na nitaitoa hapa hapa.

Picha ya binti wa Mbulu akiwa ufukweni Algeria imezunguka tangu Jumamosi usiku. Wengi wenu mmeletewa kwenye simu ikiwa na maneno ya "oneni mtoto tuliyemsomesha." Jina lake hamtalikuta kwenye ukurasa huu, na picha siiweki, maana mwenyewe ameshaifuta. Ila kuna watu wametoa povu kabla hata ya kuiangalia vizuri, kwa hiyo ngoja niseme kilichomo.

Binti amesimama baharini, maji yanamfika magotini. Amevaa fulana nyeusi na jinzi aliyoikunja, kiunoni kajifunga kitenge. Nyuma yake wapo wanafunzi wenzake watano, wavulana wawili na wasichana watatu, wamelizunguka tikiti maji lililokatwa vipande. Pembeni anapita mama wa Kialgeria na watoto wake, hana habari nao. Binti anacheka mpaka macho yamefumba. Chini ameandika: "Leo chumvi ya huku, siku moja ya Balangida." Mtu wa Hanang akisoma hapo anacheka naye, kwa sababu Balangida ni lile ziwa la chumvi chini ya mlima. Watu huenda kuchota chumvi, hakuna anayekwenda kupunga upepo.

Basi, hiyo ndiyo picha. Hakuna chupa, hakuna shisha, hakuna mzee mwenye kitambi aliyemshika kiuno. Nimekuza picha mpaka ikawa ukungu, na mimi umbea ndiyo kazi yangu, sikuona kitu.

Sasa sikieni kilichofuata. Wa kwanza kuvamia alikuwa jamaa mmoja mwenye duka la simu Katesh. Akaandika kwamba yeye alitoa elfu kumi yake mtoto akasome, hakutoa elfu kumi mtoto akaogelee. Akafuata dada mmoja anayeishi Dar, kwao Haydom, akauliza hizo ni nguo gani na kama mama yake anaziona. Mwingine akasema kwenu hata maji ya bomba ni ya kubahatisha, leo umejua bahari. Mwingine akaja na lile neno zito, kwamba watu wa Hanang walifukiwa na tope, halafu mtoto wa kwao anacheza na maji. Na mmoja, huyu bila aibu kabisa, akasema tumwache tu, mwezi ujao tutasikia kapanda boti anaelekea Italia.

Ilipofika Jumapili mchana ukaingia ujumbe wa mheshimiwa mmoja kwenye kundi la WhatsApp lililoundwa kumchangia huyo binti. Siendi zaidi ya hapo, mjue tu ni mheshimiwa. Akaandika kwa lugha ya kikao: kutokana na yaliyojitokeza, ni vyema wanakikundi wakatafakari upya utaratibu wa michango kwa vijana wanaokwenda nje, hususan mabinti.

Hususan mabinti. Yashikeni hayo maneno mawili, nitayarudia.

Tuanze na elfu kumi ya kaka wa duka la simu, maana hiyo ndiyo imebeba kesi nzima. Karibu kila mwaka Wizara ya Elimu hutangaza nafasi za ufadhili wa kusoma nje, na Algeria ni moja ya nchi zinazowachukua vijana wetu. Ada inalipwa na Serikali ya Algeria. Malazi, wao. Kuna posho pia, ila ni kiduchu, usije ukadhani mtu anajenga nyumba kwayo. Kinachobaki mezani kwa familia ni hati ya kusafiria, vipimo, nguo na tiketi ya ndege. Hiyo tiketi ndiyo mliyochangia. Baba yake alipeleka madume mawili mnadani Katesh, mama akauza vitunguu saumu vya msimu mzima, pengo lililobaki ndilo kundi likaliziba. Ni jambo jema sana, na mimi nawapongeza bila unafiki.

Lakini tiketi ile ilimtoa Kilimanjaro ikamfikisha Algiers. Ilitumika, ikaisha. Haina salio.

Nyie watu mnachangia harusi kila mwezi. Mnachangia kuliko mnavyochangia shule, na mnajua. Kamati inakaa vikao tisa, kadi inatolewa, ahadi inafuatiliwa kwa simu kama deni la benki. Bibi na bwana harusi wakienda fungate Zanzibar, mmeshawahi kuwaandikia kwamba hamkutoa laki yenu ili wakaogelee? Ndoa ikivunjika baada ya miezi minane mnadai mrejeshewe? Hamdai. Mnakausha, mnasubiri kadi nyingine. Mchango wa harusi mkishatoa umetoka mikononi mwenu, ila mchango wa shule wa binti mnaushika kama hisa za kampuni, na mnataka kila Jumamosi mletewe gawio.

Kuna swali moja la haki ambalo mchangiaji anaweza kuuliza, nalo ni matokeo. Ameendaje? Kafaulu? Mtu akitaka aone karatasi ya matokeo mara moja kwa mwaka, mimi niko upande wake, maana vijana waliopelekwa wakazingua wapo. Huyu mwaka wake wa kwanza ulikwenda wote kwenye Kifaransa, kwa sababu masomo mengi ya sayansi vyuoni kule yalikuwa yanafundishwa kwa Kifaransa. Jiulize, umetoka Mbulu, nyumbani unaongea Kiiraqw, shuleni Kiswahili, sekondari Kiingereza, halafu unaambiwa una mwaka mmoja wa kujifunza lugha ya nne, ndipo uingie darasani ukasome hesabu kwa lugha hiyo. Amefaulu. Sasa anasomea uhandisi wa maji. Yule aliyeandika kwamba kwenu maji ni ya kubahatisha, soma tena hapo, halafu jiulize nani kati yenu anashughulikia tatizo. Kwenye lile kundi hakuna hata mmoja aliyeuliza matokeo. Waliuliza jinzi.

Halafu hili la ufukwe wenyewe. Naona neno Mediterania limewachanganya watu. Mkilisikia mnaona boti za kifahari na wacheza mpira wa Ulaya wakila bata. Ndugu zangu, Algeria ina zaidi ya kilomita 1,000 za pwani kwenye bahari hiyo. Kwa mtu wa Algiers, kwenda baharini Agosti ni kama mtu wa Kinondoni kwenda Coco Beach Jumapili kula mihogo. Zéralda, walikokwenda hawa watoto, ni kama kilomita 30 magharibi ya jiji na treni ya abiria inafika. Unapanda na mkate wako na tikiti lako. Huko unakuta familia nzima na bibi yao chini ya mwamvuli, huyu amevaa baibui anaingia nalo majini, yule bikini, wote maji ni hayo hayo. Na ni Jumamosi, ambayo kule ni mapumziko, wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo hata lile la "ametoroka vipindi" lilikuwa la kuokoteza.

Mwanafunzi wa Mlimani akienda Coco hakuna kikao kinachoitishwa Mbulu. Angepiga picha pembeni ya Ziwa Basotu mngemwekea mioyo, mngesema anatangaza utalii wa nyumbani.

Tena kuna kitu ambacho hamkijui kuhusu hiyo Agosti. Likizo ikifika, wanafunzi wenyeji wanafunga mabegi wanarudi kwao. Mabweni yanabaki matupu. Wanaobaki ni watoto kama huyu, ambao tiketi ya kurudi nyumbani hawana. Ana miaka miwili hajaonja makande ya mama yake. Miezi ile ya joto wanabaki wachache kwenye majengo makubwa, mnapika pamoja, mnahesabu siku. Siku moja kati ya siku hizo wamesema twendeni tukaone maji. Hiyo ndiyo starehe iliyowakosesha usingizi watu wa mikoa miwili.

Sasa la tope. Hili nataka niliseme taratibu, maana ni msiba wa kweli na sipendi kuuchezea.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mvua ilikuwa imenyesha sana. Sehemu ya mlima Hanang ikamomonyoka, tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Watu walikuwa wamelala. Waliokufa walipita 80. Nyumba ziliondoka na msingi wake, na sokoni palibaki tope la kufika kiunoni. Mtu yeyote aliyeona Katesh wiki ile hahitaji kukumbushwa na mtu wa mtandaoni.

Ndiyo maana nakasirika. Yule aliyeandika lile neno, nimepita ukurasa wake. Nilirudi nyuma mpaka Desemba ile ya 2023. Kuna picha za sherehe ya kufunga mwaka, kuna nyama choma, kuna yeye na shati la maua. Sina shida nazo, alikuwa Dar, maisha yaliendelea. Lakini usije leo ukalichukua kaburi la mtu wa Gendabi ukamchapia mtoto wa watu. Mmemuuliza alikuwa wapi alfajiri ile? Mimi naijua habari yake ya siku ile na sitawaambia, kwa sababu msiba wa mtu hauwezi kuwa kibali anachopaswa kuonyesha ndipo aruhusiwe kukanyaga mchanga.

Na kama mnataka tuongee misiba ya Manyara na bahari hiyo, tuongee. Oktoba 7, 2023, vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wamekwenda Israel kujifunza kilimo kwa vitendo waliuawa. Walikuwa na wiki chache tu tangu wafike. Mmoja alikuwa mtoto wa Simanjiro, mkoa wetu huu huu. Wazazi wake walikaa wiki kadhaa bila kujua yuko hai au amekufa, kisha wakaambiwa amekufa, na mwili wake haukurejeshwa mpaka Novemba 2025. Miaka miwili mzazi anasubiri mwili.

Kila mzazi wa Manyara mwenye mtoto nje anaijua habari hiyo. Anapolala anaifikiria. Mzazi huyo akionyeshwa picha ya mwanawe amesimama kwa miguu yake miwili, amezungukwa na wenzake, anacheka, amepata taarifa kubwa kuliko zote anazoweza kuzipata. Baba wa huyu binti alipompigia simu Jumapili, kitu cha kwanza alichouliza ni kama ile bahari ina mawimbi makali na kama alishikana mkono na mwenzake alipoingia, maana sisi watu wa milimani kuogelea hatujui. Cha pili, umekula? Ni baada ya hapo, na sauti imeshuka, ndipo alipomwambia, mwanangu, hiyo picha itoe, watu wanasema sana. Mzee aliyeuza madume mawili hakulalamika. Aliyetoa elfu kumi ndiye aliyelalamika.

Hili la boti kwenda Italia nitalipitia haraka, kwa kuwa aliyelisema alidhani anatania. Mwaka 2023 peke yake zaidi ya watu 3,000 walikufa au kupotea kwenye Bahari ya Mediterania wakijaribu kuvuka, wakiwemo vijana wa Afrika. Yeye ana barua ya ufadhili, kitambulisho cha chuo na kitanda bwenini. Kumtania kwa vifo hivyo ni roho mbaya tu, haina jina jingine.

Sasa nguo. Dada yangu wa Haydom, nakuja kwako.

Mbulu imewahi kutangazwa duniani na watu waliovaa nguo chache kuliko huyu binti. Mzee John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu, alikimbia marathoni Mexico mwaka 1968, akaanguka, goti likaumia, akaingia uwanjani wa mwisho na bandeji mguuni, na dunia mpaka leo inamtaja kwa heshima. Alikuwa na kaptula na fulana. Filbert Bayi, wa Karatu, enzi hizo Karatu ikiwa ndani ya wilaya ya Mbulu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Kaptula, tena fupi. Sijasikia mtu akiuliza kama mama zao waliziona. Walikwenda nje, miili yao ikaonekana na dunia nzima, wakarudi mashujaa. Ni sawa kabisa, walistahili.

Kwenye picha hii hii iliyowatoa povu, wale wavulana wawili wako kifua wazi. Mmoja ni Mtanzania, wa Singida, jirani zetu. Yeye aliiweka picha ile ile kwenye ukurasa wake saa hiyo hiyo. Nimekwenda kuangalia. Amepata moto, amepata "kaka unatusua," amepata mmoja anayeuliza tikiti maji huko bei gani. Bado ipo, haijafutwa, hakuna kikao.

Na mheshimiwa wetu wa "hususan mabinti," kijana wake yuko nje pia, kwa pesa za nyumbani. Mwaka jana alitupia picha kumi na moja za bwawa la kuogelea la hoteli moja Dubai. Mheshimiwa mwenyewe aliweka dole gumba. Mimi sina wivu na kijana, aoge mpaka achakae. Nauliza tu, yale maji ya Dubai yalikuwa na adabu gani ambayo ya Zéralda hayana?

Tusijifanye hatujui tunakoishi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba Manyara ndiyo iliyokuwa inaongoza Tanzania kwa ukeketaji, asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kumkeketa mtoto ni kosa la jinai tangu sheria ya 1998. Utafiti wa 2022 umeonyesha kiwango kimeshuka, lakini bado tuko juu. Sasa mkoa wenye historia hiyo unapokaa kikao kujadili magoti ya binti aliye kilomita maelfu kutoka hapa, mimi siwezi kusema ni maadili tu. Ni mazoea yale yale kwamba mwili wa msichana una wenyewe, na mwenyewe hayumo kati yao. Zamani ilikuwa kisu, leo ni kundi la WhatsApp. Najua mtasema nimekwenda mbali. Nilifika hapo baada ya kusoma maneno ya watu wazima 140 kuhusu jinzi iliyokunjwa.

Haya, twende kwenye hasara, maana mnadhani yameisha kwa kuwa picha imefutwa.

Binti ameacha kuandika chochote. Hilo la kwanza. Wanafunzi wengine wa kwetu walioko nje wameona kilichompata na wao wamejifunza. Kuanzia sasa mtakuwa mnaletewa picha za maktaba, joho na vyeti. Mtu posho imechelewa, anakula mkate na chai siku nne, hasemi, maana wataanza kumuuliza pesa zote ulipeleka ufukweni. Mtu anaumwa, hasemi. Mtu bwenini peke yake Januari, baridi na mawazo, hajaongea Kiswahili wiki nzima, hasemi, kwa sababu ameshaonyeshwa kwamba nyumbani kuna mahakama. Mnataka msikie habari yake lini? Ikifika ile nyingine, ya mchango wa kusafirisha mwili? Hapo nawajua, mtatoa bila kuulizwa. Mheshimiwa atatoa laki tano na kusimama mbele ya kamera.

Hasara ya pili ina jina na sura, ingawa hapa jina silitaji. Kuna dogo mwingine, wa upande wa Dongobesh. Amemaliza kidato cha sita mwaka huu kwenye sayansi, kafanya vizuri, na jina lake limo kwenye waliopata ufadhili wa kwenda nje. Baba hana madume ya kuuza. Ana mama, wadogo zake wanne na shamba la mahindi ambalo mwaka huu halikutoa kitu. Kundi lilishakubaliana tangu Julai kwamba kikao cha kumchangia tiketi kifanyike Jumamosi ijayo, kanisa likatoa ukumbi bure, mama wawili wakajitolea kupika. Jumapili usiku, saa sita baada ya ujumbe wa mheshimiwa, kikao kikaahirishwa mpaka "utaratibu utakapotafakariwa."

Nafasi ya ufadhili haisubiri mtu atafakari. Chuo kinafungua, usipofika nafasi imekwenda, na hakuna barua ya rufaa unayoandika kusema samahani, watu wa kwetu walikuwa wanajadili picha ya mtu mwingine. Wapo wazee kwenye lile kundi wanaojua hivyo. Wamekaa kimya kwa sababu ya heshima kwa mheshimiwa. Wazee wangu, shikamooni, lakini huyo dogo wa Dongobesh hajavaa jinzi yoyote, hajaona bahari yoyote, hata ziwa Tlawi nasikia kalipita tu kwa basi. Kosa lake ni lipi? Kwamba ni binti, na binti mwingine alicheka?

Mkitaka masharti, wekeni masharti ya maana. Mwambieni kila anayechangiwa, awe wa kike au wa kiume, alete matokeo yake kila mwaka. Mteueni mtu mmoja, si kundi zima la watu mia mbili, mtu mmoja mwenye busara, awe anampigia simu mara moja kwa mwezi kumuuliza anaendeleaje na kama anakula. Na mkiweza, mwaka wa pili mchangeni tiketi ya kurudi likizo, aje aone wazazi wake, hapo hamtamkuta Zéralda Agosti, mtamkuta kwao anapalilia vitunguu.

Kaka wa duka la simu, wewe nina ofa yako binafsi. Elfu kumi yako naiona inakuuma. Nitafute, nakurejeshea yote, na ya kutolea naongeza. Ukishaipokea andika kwenye kundi kwamba huna tena hisa kwa mtoto wa watu, halafu ile elfu kumi ipeleke kwa mweka hazina aiandike kwenye daftari la dogo wa Dongobesh.

Jumamosi ni keshokutwa kutwa, siku zimebaki tatu. Ukumbi wa kanisa bado upo, nimeuliza leo asubuhi. Wale mama wawili wamesema mchele wameshanunua na hawana pa kuupeleka. Mweka hazina namba yake mnayo.

Uwanja wa maoni uko wazi hapo chini, tukaneni mimi mnavyotaka, nimezoea. Ila atakayeandika jina la binti, au kubandika ile picha, nafuta na namfungia, hata awe mheshimiwa.